Adapta Ndani ya Kila Boksi

Chumba changu cha mtaa wa Xiaobei, hapa Guangzhou, kina dirisha moja, na dirisha hilo linatazama ukuta wa jengo la jirani. Nikinyoosha mkono nakaribia kuugusa. Simlaumu mwenye nyumba. Lifti inafanya kazi, maji hayakatiki, na jirani yangu Mchina hupunguza sauti ya televisheni akinisikia nikikimu sala. Nimemshukuru Mungu kwa chumba hicho mara nyingi. Lakini katika msimu ninaousimulia hapa, pasipoti yangu ilikuwa imebaki ofisi ya vibali, nami nilikuwa na kipande cha risiti chenye picha yangu, na risiti haimpandishi mtu ndege. Mke wangu, aliye Mombasa, alikuwa ameacha kuniuliza nitarudi lini. Akipiga simu aliuliza nimekula nini.

Sikuja Guangzhou kusoma notisi za serikali. Nilikuja kununua vipuri vya cherehani, na ndiyo kazi yangu hadi leo. Kazi ya notisi ilinifuata yenyewe. Idara za serikali kule nyumbani zinapobadilisha sharti la mizigo, hutoa tangazo kwa Kiingereza cha ofisini, mtu hulipiga picha gazetini, na picha hiyo huvuka bahari kwa simu hadi Dengfeng, mtaa wa jirani tunakofanyia biashara. Huku kila mfanyabiashara huisoma aya ya kwanza, hupata kizunguzungu, kisha husema, "Mpelekeeni mzee."

Nami huzisoma kama nilivyofundishwa kusoma vitabu vya dini chuoni, na kama ninavyowasomesha wenzangu hapa. Mwalimu wangu alikuwa akisoma kipande kidogo cha matini kwa Kiarabu, ananyamaza, halafu anatoa maana yake kwa Kiswahili, ndipo anaendelea na kipande kinachofuata. Haruki neno. Asilolijua husema halijui. Na kitabu hakikufungwa mpaka tufike khatima, hata kama tumbo linanguruma. Sijui njia nyingine ya kusoma kitu ambacho watu watakifuata.

Alasiri moja tulikaa katika chumba cha nyuma cha mkahawa ambako huwa tunakula wali. Tulikuwa watu wachache wenye jambo moja: mizigo yetu ilikuwa ndani ya kontena moja. Wafanyabiashara wadogo ndivyo tufanyavyo. Hakuna mmoja wetu awezaye kujaza kontena peke yake, basi tunachangia nafasi, na wakala mmoja analipakia na kulisafirisha kwa jina lake. Wakala wetu alikuwa kijana wa Nairobi, mchangamfu, mwenye simu mbili na majibu matatu kwa kila swali. Kontena lilikuwa limeshajaa, limefungwa na kutiwa sili, liko yadi likingoja meli.

Mwenzetu mwingine alikuwa mtu wa Butembo, kule Kongo, Mkristo, mwenye miraba minne, aliyekuwa amepakia viatu vitakavyoshuka Mombasa na kuvushwa hadi kwao. Na alikuwapo mama mmoja wa Mombasa, wa mtaa usio mbali na kwetu. Alikuwa amepakia mabirika ya umeme. Wanawake wa darsa anayohudhuria walichanga, wakamtuma yeye kwa kuwa ndiye mjasiri, ayalete mabirika kabla ya Ramadhani, wakati kila nyumba inachemsha maji magharibi na alfajiri. Ilikuwa safari yake ya kwanza. Viza yake ilikuwa inakaribia kuisha, na tiketi yake haikubadilishika.

Nilifungua picha ya notisi nikaanza.

"Umma unaarifiwa," nilisoma, nikaeleza, "yaani wewe na mimi tunaambiwa, hata asiyesoma gazeti. Kuanzia tarehe hii, kila kifaa cha umeme cha matumizi ya nyumbani kitakachofika bandarini kiwe na plagi ya nchi, ile yetu ya miguu mitatu minene ya mraba."

Yule mama alipiga makofi. "Alhamdulillahi! Basi mimi nimeshapita, Ustadh. Nimetia adapta ndani ya kila boksi. Kila boksi! Laoban, mwenye kiwanda, alinicheka, akaniuliza nafungua duka la adapta?"

Watu walicheka, na wakala akamwambia, "Mathe, wewe uko mbele ya serikali."

Yeyote aliyekaa mji huu ataelewa furaha yake. Plagi za hapa zina miguu myembamba iliyopinda, za kwetu ni minene, na sisi wageni tunaishi kwa adapta. Iko mfukoni pamoja na tasbihi. Imechomekwa nyuma ya kila kitanda. Mtu anayerudi nyumbani humwachia adapta yake anayekuja. Baada ya muda tunasahau kwamba ni kitu cha njiani tu. Tunaiona ndiyo plagi yenyewe.

Nami nilitaka iwe hivyo. Lakini kipande kinachofuata kilikuwa mbele ya macho yangu.

"Plagi hiyo," nikasoma, "iwe imeungwa na waya wa kifaa tangu kiwandani." Nikanyamaza kidogo, kama alivyokuwa akinyamaza mwalimu. "Maana yake, mwanangu, ni kwamba waya na plagi viwe kitu kimoja. Kitu cha kuchomeka juu yake hakihesabiki."

"Hakihesabiki vipi? Umeme si unapita?"

"Unapita."

"Maji si yanachemka?"

"Yanachemka. Lakini ndivyo walivyoandika."

Nikaendelea, kwa kuwa mtu haachi matini katikati. Kipande kilichofuata ndicho kilichotufunga sote. Kilisema kwamba mzigo wa pamoja ukionekana una bidhaa moja isiyotimiza sharti, kontena zima litazuiliwa bandarini mpaka bidhaa hiyo irudishwe ilikotoka.

Mtu wa Butembo aliweka kijiko chini. "Papa, pole. Soma tena ile."

Nilisoma tena.

"Mi niko na viatu," akasema. "Kiatu haina umeme. Kwa nini viatu vyangu bifungwe sababu ya chai ya mama?"

"Sababu mmekaa nyumba moja," nilimjibu.

"Mon Dieu! Mi nilipangisha kona tu!"

Wakala aliinua mikono yote miwili. "Wazee, tusijipe presha. Hiyo notisi ni ya makampuni makubwa. Na kontena iko na sili tayari. Kwa karatasi nimeandika vyombo vya jikoni. Birika si ni chombo cha jikoni? Nani atafungua boksi?"

"Na akifungua?" aliuliza mtu wa Butembo.

"Akifungua ni noma," alikubali wakala, sauti imepungua. "Hapo siwadanganyi."

Yule mama hakuwa akiwasikiliza. Alinigeukia mimi, akalishika shungi lake chini ya kidevu, akaanza kuzungumza taratibu, kama mtu aliyepata hoja na hataki imponyoke.

"Ustadh, wewe ndiye uliyetusomesha mwezi uliopita mlango wa tohara. Ukasema mtu asipopata maji hutayamamu kwa mchanga, na sala yake inaswihi."

"Ndiyo."

"Basi hii adapta si tayamamu? Plagi ya kwetu kiwandani sikuipata. Niliwauliza, wakaniambia meiyou, hakuna, kila mlango meiyou. Nikatumia kilichokuwapo. Nia yangu ni safi, na mimi msafiri. Hakuna rukhsa hapo?"

Sikucheka, wala hakuna aliyecheka. Wale Waislamu waliokuwapo walinitazama wote kwa pamoja, na niliona machoni mwao kwamba hoja imewaingia. Mtu wa Butembo alimwinamia wakala amweleze tayamamu ni kitu gani, na alipoelezwa alitikisa kichwa kwa heshima. "Mama anajua kujitetea," akasema. "Mumpe!"

Nimesoma dini tangu sijaota meno ya utu uzima, na sijapata kuulizwa swali zuri kama lile mahali pasipofaa kama pale. Nilijiona nimebanwa ukutani. Mbele yangu mwanamke aliyebeba matumaini ya wenzake, nyuma yangu maneno ya watu wa ofisi nisiowajua. Na kila mtu akidhani ufunguo uko kwangu.

"Mwanangu," nilimwambia, "aliyetufaradhishia maji ndiye aliyetupa mchanga. Rukhsa ilitoka kwake, haikutoka kwa mwalimu wangu wala kwangu. Hawa walioandika notisi hawakuandika rukhsa. Ningeiona ningekusomea kabla hujaniuliza."

"Na ukiitia wewe?"

"Nikiitia mimi itaishia kwenye mlango huu. Bandarini hawatanijua."

Wakaanza wote kusema kwa pamoja, huyu akimlaumu wakala, yule akiilaumu serikali, mwingine akiuliza kama meli inaweza kwenda haraka ifike kabla ya tarehe, au polepole, au ipitie kwingine. Simu yangu ilikuwa bado mkononi na mistari ya mwisho ya notisi sikuifikia. Hakuna aliyetaka kuisikia. Niliifunga bila khatima, na jambo hilo lilinikera moyoni kama kijiwe ndani ya kiatu.

Yule mama ndiye aliyemaliza kelele. Alisimama na kumwuliza wakala, "Mabirika yangu yako wapi ndani ya kontena?"

Wakala alijikuna shingo. "Mwisho kabisa, mathe. Wewe ulikuwa wa kwanza kuleta."

Ndiyo desturi. Anayeleta kwanza hupakiwa kwanza, na anayepakiwa kwanza huenda nyuma kabisa, ukutani. Bidii yake ya kuwahi ndiyo iliyomfungia huko ndani. Ili yatoke mabirika, ilibidi vitoke vitu vya kila mtu.

"Basi lifunguliwe," alisema. "Siwezi kuketi kwetu Ramadhani nzima nikijua watu hawa mizigo yao imelala bandarini kwa ajili yangu. Futari itanikwama."

Tulikwenda yadi kesho yake. Jua lilikuwa kali, na yale makontena yamepangwa juu kwa juu mpaka unahisi uko ndani ya kisima cha chuma. Sili ilikatwa, milango ikafunguliwa, na viatu vya mtu wa Butembo ndivyo vilivyokuwa mbele. Aliyekuja wa mwisho ndiye aliyelazimika kuanza kutoa. Alivua shati, akabaki na fulana yenye picha ya kwaya ya kanisa lake, akanyanyua katoni mbili kwa mpigo. Alilalamika kwa kila katoni. Alilalamika kwa Kifaransa, akalalamika kwa Kiswahili, akamwuliza mama kama kwao hawajui kuchemsha maji kwa kuni. Lakini hakupumzika mpaka ukuta wa mwisho ulipoonekana, na mabirika yake yule mama yakatoka moja moja, kavu na salama, kila boksi na adapta yake ndani.

Tukavirudisha vya wengine. Pale nyuma kabisa pakabaki pengo.

"Sasa yaende wapi?" aliuliza wakala akitazama katoni za mabirika zilizopangwa juani. Ghala lake lilikuwa limejaa, na nafasi mjini ni ghali. Mama alikuwa anaondoka kesho kutwa.

Nikasema yaje kwangu.

Sikujipima niliposema hivyo, na nilipojipima nilikuwa nimeshachelewa. Mabirika hayana uzito, lakini hula nafasi. Yaliujaza ukuta wa kitanda, yakaziba kabati, yakapanda hadi dari, yakalifunika hata lile dirisha langu linalotazama ukuta. Nilibakiwa na njia ya kutoka mlangoni kufika kitandani, na kipande cha sakafu kiasi cha msala. Nikisujudu, katoni zilikuwa kulia na kushoto, na nikisimama kwa haraka bega liligonga. Usiku nilikuwa nikilala ubavu mmoja. Nilikwisha kumwambia mwanamke yule kwamba sharti ni sharti, na sasa lile sharti limehamia kwangu na halilipi kodi.

Aliondoka mikono mitupu. Uwanja wa ndege alinipigia simu akiwa ameshapita ukaguzi. "Ustadh, nitawaambiaje wenzangu?"

"Waambie yako njiani."

"Yako njiani wapi? Si yako kitandani kwako!"

"Kitandani ni mwanzo wa njia," nilisema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya notisi nikamsikia akicheka.

Birika la umeme lina kitako chake pembeni, na waya umeungwa na kitako. Kwa hiyo kilichohitajika kilikuwa vitako vipya vyenye plagi ya kwetu. Nilikwenda kiwandani kwa metro na basi, nikapokewa na laoban, mwanamume mnene mwenye adabu. Nilimwonyesha picha ya plagi.

"Meiyou," akasema.

Nilinywa chai yake, nikamshukuru, nikarudi. Wiki iliyofuata nilikwenda tena. Meiyou. Neno hilo huwavunja moyo wageni, kwa sababu hutamkwa bila hasira na bila pole, kama mtu anayefunga pazia. Lakini mimi sikuwa na pa kwenda. Pasipoti yangu ilikuwa ofisini, chumba changu kilikuwa ghala. Mtu aliyefungwa ana wakati mwingi wa kubisha hodi. Nilikwenda hadi akazoea kuniona, hadi siku moja akanionyesha kiti kabla sijasalimu, akapiga simu mbele yangu kwa mtu anayetengeneza nyaya, wakabishana, akakata simu akaniambia ningoje. Hakusema meiyou. Nilirudi kwenye treni nikisoma istighfari, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumchukia.

Vitako vilipofika, kazi ya kubadilisha ilikuwa yangu. Nilikaa kwenye ule mkeka wangu wa sala baada ya kuukunja nusu, nikafungua boksi, nikatoa kitako cha zamani, nikatia kipya, nikafunga. Adapta niliiacha. Nilifikiria kuitoa, kisha nikaona si haki yangu. Alikuwa ameitia kwa nia, na nia ya mtu hupaswi kuichomoa boksini kwake.

Wakati mwingine mtu wa Butembo alikuja kunisaidia. Hakukuwa na nafasi ya watu wawili, basi alikaa nje kwenye korido, mimi ndani, tukapitishiana maboksi mlangoni. Mizigo yake ilikuwa imeshafika Mombasa na imetoka bila kuguswa. Hakulitaja jambo hilo moja kwa moja. Alisema tu, "Papa, ule siku nilikuwa nataka umpe mama ile rukhsa."

"Najua."

"Ungempa, mi ningekuwa naomba Mungu kila saa hapa."

"Si vibaya kumwomba kila saa."

"Ni vibaya kama iko juu ya viatu," alisema, akanisukumia boksi jingine.

Siku nilipofunga boksi la mwisho nilijifuta mikono, nikafungua ile notisi kwenye simu na kuisoma mistari yake iliyobaki kwa sauti, kwa katoni zangu, maana hapakuwa na wanafunzi wengine. Ilisema notisi hii inafuta zote zilizotangulia juu ya jambo hili. Ilisema wahusika wote wazingatie. Nikatoa maana yake kwa Kiswahili kama inavyopasa: ya zamani yameondoka, na aliyesikia amesikia. Kisha nikaomba dua ya kufunga kitabu. Mwalimu wangu asingeniacha nisifanye hivyo.

Nilisimama mwenyewe yadi siku ya kupakia. Nilimwambia wakala mabirika yawe ya mwisho kuingia.

"Mlangoni kabisa, mzee?"

"Mlangoni kabisa. Ikiwa kuna wa kuyauliza, yasijifiche."

Yalifika Mombasa Ramadhani ikiwa imeshaingia kumi la pili. Nyumba nyingi zilikuwa zimeshanunua birika kwingine, na yule mama hakunificha hilo. Mengine yaliuzwa, mengine yalisubiri Idi, machache yapo hadi leo. Lakini alinitumia ujumbe wa sauti kutoka bandarini siku ile ile, nyuma yake honi za malori na kelele za wapagazi. Alisema mkaguzi alifungua boksi moja, akauvuta waya, akaitazama plagi, akaurudisha.

"Hakusema neno, Ustadh. Halafu akatoa ile adapta, akaigeuza geuza, akaniuliza, sasa mama, hii ya nini?"

Hapo sauti yake ilikatika kwa kicheko.

"Nikamwambia, ya njiani."

Niliusikiliza ujumbe huo nikiwa nimekaa kitandani. Pasipoti yangu ilikuwa bado ofisini na ile risiti bado mfukoni. Chumba kilikuwa kimerudi kuwa chumba, na dirisha limerudi kuutazama ukuta wake. Nilicheka peke yangu, kwa sauti, na jirani yangu, akidhani nimeanza kuswali, akapunguza televisheni.